Panya wa Mikia ya Buluu

Århus, 14 Septemba 1998

Shangazi Ragnhild mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa bibi harusi wako, na salamu nyingine kutoka kwa mume wake. Mume wangu! Naliandika neno hilo na kalamu yenyewe inacheka. Sisi ni wazima. Chumba chetu kiko juu kabisa, dirisha linatazama ukuta, lakini mimi ukuta siuoni, kwa sababu kila asubuhi Troels husimama pale akinyoa ndevu na kuimba vibaya. Wewe hujambo? Kjeld jirani yako ameacha kukohoa? Posta wamekutengenezea breki za baiskeli yako ya kupelekea barua?

Harusi naiwaza kila siku. Watu wa kisiwa chetu cha Mors walivyogonga glasi kwa vijiko, nasi tukabusiana mpaka midomo ikauma! Na ile dansi ya waltz, watu wakitusogelea na kutubana, wanaume wakamnyanyua Troels na kumvua kiatu ili wamkate ncha ya soksi kama ilivyo desturi ya harusi, na wewe ukampokonya Kjeld mkasi. "Pisha, mzee, huu mguu sasa ni wa familia yangu!" Nacheka hadi leo. Troels anadai ncha ya soksi yake ya kushoto. Usikatae, Shangazi, nilikuona ukiitia mfukoni. Ila baada ya hapo ulikaa pembeni na koti lako na keki hukuigusa. Nilidhani umechoka.

Sasa habari kubwa: nimepata kazi palepale anapofanya Troels, kwenye maabara nyuma ya hospitali. Yeye ni fundi wa mitambo, mimi nalisha panya. Weupe, macho mekundu, vidole kama vya watoto wachanga. Unajua wagonjwa waliozidiwa na sonona, wale wasioweza tena kuinuka? Hospitali huwalaza kwa nusukaputi, huwapitishia umeme kichwani mpaka wapate kifafa kifupi, na wengi wao huinuka. Lakini wapo wanaosahau mambo. Sasa kuna njia mpya: koili ya waya inashikwa juu ya kichwa na kutoa sumaku kwa vishindo. Profesa wetu, Bodil, anataka kujua ipi inafaa zaidi, na koili ya panya ameizungusha Troels, kwa mikono yake hii ninayoijua! Kundi moja la panya linapata umeme, jingine sumaku, la tatu linalazwa na kuamshwa tu. Wamepakwa rangi mikiani: buluu, nyekundu, kijani. Sisi tunaowalisha na kuwapima hatuambiwi rangi ipi ni ipi, ili tusipendelee. Hata Troels hajui. Anajua Henning peke yake, anayefanya kazi chumba cha ndani.

Mimi nimeshajua. Buluu ndio wa sumaku. Wamechangamka, Shangazi, ni kama wao pia wameolewa.

Wako mwenye furaha,
Signe


Mors, 11 Oktoba 1998

Signe mwanangu,

Barua yako imefika. Nimefurahi. Kjeld hajambo, kikohozi kimepungua. Viazi vimeshatolewa mashambani na mvua imeanza kuja kwa ubavu. Baiskeli ipo. Mimi niko likizo kidogo, nilikuwa na siku zilizobaki. Msalimie mkwe.

Nauliza tu, kwa kuwa umenitajia. Hao panya wakiamka wanajua walipo? Njia waliyoizoea bado wanaijua? Na wale wa buluu, ni kweli hawasahau?

Ni maswali ya mtu asiye na kazi.

Ragnhild


Århus, 20 Oktoba 1998

Shangazi mpenzi,

Umeuliza habari za panya! Nilimsomea Troels barua yako akiwa anakula uji wake, akasema, "Basi yuko mtu mmoja Mors anayeithamini koili yangu." Tu wazima kabisa. Tumenunua meza iliyotumika, mguu mmoja mfupi, tumeuwekea kitabu cha simu. Jumapili tulikwenda ufukweni, upepo ukachukua kofia yake, akaikimbilia mpaka majini na viatu, nami nikasimama pale nikijiambia: yule mjinga ni wangu.

Maswali yako sasa. Wakiamka hupepesuka kidogo, kisha husugua uso kwa mikono miwili, kama wewe ukiingia nyumbani na mvua usoni. Halafu kuna jaribio la maji. Panya anatiwa kwenye chombo kirefu, nasi tunatazama ataogelea mpaka lini kabla hajakata tamaa na kuelea tu, pua juu. Tukimtoa namkausha kwa taulo na kumwomba radhi. Nyekundu na kijani huachia mapema. Lakini buluu! Wanaogelea kana kwamba kuna anayewangoja ng'ambo.

Kuhusu kusahau, tuna beseni pana la maji yaliyotiwa maziwa, na ndani yake kijukwaa kisichoonekana. Wote walifundishwa kukifikia tangu kiangazi. Mwezi ujao tutapima nani bado anakijua. Mimi sina wasiwasi hata chembe. Buluu watakwenda moja kwa moja, kwa sababu sumaku ya Troels haipigi, inapapasa. Yeye mwenyewe ananikanya: "Signe, rangi hatuzijui, nyamaza." Jamani, ni mnyenyekevu huyu mwanamume! Mimi naona miaka si mingi umeme utabaki wa makumbusho.

Kwa nini likizo yako ni ndefu hivyo? Unapumzika?

Signe wako


Mors, 6 Desemba 1998

Signe,

Nisamehe kwa kuchelewa. Natumaini nyote wawili wazima. Kjeld hajambo. Mishumaa ya Adventi, ya kungojea Krismasi, sijaitoa sandukuni. Simu imekuwa ikilia, nadhani ni wewe. Iko mbali na kiti.

Koti jekundu la posta nimelirudisha. Mwanamke mmoja wa mjini Nykøbing ndiye anayepita njia yangu sasa. Barua za Kjeld anazitia kwangu. Sijamwambia.

Daktari alitaka nilazwe kabla ya Krismasi ili nipate umeme. Nimekataa. Nimemwambia nasubiri sumaku.

Usije. Nyumba haijafagiliwa.

Ragnhild


Århus, 9 Desemba 1998

Shangazi,

Sijui nianze na salamu gani. Barua yako imefika tukiwa tunaoka biskuti za Krismasi, zote zimeungua na hakuna aliyejali. Ulikuwa unaumwa tangu lini? Harusini ulikuwa tayari hivyo? Mimi sikuona kitu.

Nimempigia Kjeld. Anasema hujatoka nje tangu majani yaanguke, kwamba anakuwekea supu ngazini na kesho yake anaikuta imeganda. Mpeleka barua gani wewe, usiyejibu barua wala simu? Samahani, nilitaka nikutanie na nimeshindwa.

Daktari amesemaje hasa? Unakula? Unalala? Una mawazo ya kujidhuru? Nijibu hilo, hata kama mengine yote utayaacha. Sisi tunakuja siku ya pili ya Krismasi, upende usipende, na bata kwenye sufuria.

Troels anakusalimu. Huku kwingine kote ni kuzuri.

Signe


Mors, 3 Januari 1999

Signe mwanangu,

Mlipogonga nilikuwa ndani. Nilikuona dirishani na kofia yako mpya, na nikamwona Troels amekumbatia sufuria kama mtoto. Sikuweza kufika mlangoni. Si kwamba sikutaka. Mwambie bata alikuwa mzuri, Kjeld ndiye aliyesema.

Ulilouliza: hapana. Lakini nalala nikitamani asubuhi isije, na daktari nimeshamwambia hivyo.

Sasa nami nina langu. Umeuliza mengi, na hukutaja panya hata mmoja. Wewe, ambaye ukurasa mzima ni panya na Troels, Troels na panya. Kwa hiyo kuna kitu.

Nikueleze kwa nini nataka kujua. Kwa Mads, pale kwenye kinu, unagonga dirisha, si mlango, kwa sababu ya mbwa. Kwa akina dada Overgaard, barua ya benki anapewa mkubwa mkononi, mdogo asiione, ana moyo mwepesi. Lango la chini halifunguki kwa kusukuma, linyanyue kwanza. Njia nzima iko hivyo, nyumba kwa nyumba, nami nimeibeba kichwani maisha yangu yote. Sikuolewa, sikuzaa. Nilikulea wewe baada ya baba yako kufariki, na nilipeleka barua. Wakipitisha umeme hapo wakayafuta, atakayeinuka kitandani ni nani?

Kwa hiyo nawangoja buluu wako. Niambie ni lini.

Shangazi yako


Århus, 29 Januari 1999

Shangazi,

Leo salamu ni fupi: tunakupenda, wote wawili. Isome yote, hata ukikasirika katikati.

Kila Ijumaa kazini tunakula mikate pamoja, na keki ina zamu. Leo ilikuwa zamu yangu, na Bodil akasema rangi zitajwe hapohapo mezani. Kwanza kila mtu akakisia. Mimi nikasema kwa sauti, "Buluu ni sumaku, na asiyeamini asiguse keki yangu." Henning akanitazama kwa huruma.

"Buluu ni umeme, Signe. Nyekundu ndio sumaku."

"Ee, bibi harusi," mmoja akasema, "hata mkono wa mumeo huutambui!" Wakacheka. Mimi niliuweka mkate chini, kwa sababu nilikuwa nakuona wewe kwenye kiti chako, unangoja.

Nikwambie na nililokuficha. Siku chache kabla ya barua yako ya Desemba tuliwatia kwenye beseni la maziwa. Nyekundu walikwenda moja kwa moja kwenye kijukwaa. Buluu walisahau. Walizunguka ukutani, wakazunguka tena. Nilijiambia wana mafua. Nilisema chochote ili nisione.

Kwa hiyo ni hivi. Sumaku haikuwafuta kitu. Lakini kwenye lile jaribio la kukata tamaa, wa sumaku waliachia mapema, karibu sawa na kijani ambao hawakupata kitu. Niliokusifia, walioogelea, ni wa umeme. Troels hakugusa keki. Alisema, "Koili yangu haina nguvu ya kutosha. Labda siku moja. Kwa watu, si mwaka huu wala ujao." Halafu akanisogelea sikioni: "Mwandikie shangazi. Leo, kabla posta haijafungwa."

Na hili nalo ni kweli: baada ya wiki kadhaa buluu wengi walikipata kijukwaa wenyewe, na waliobaki walijifunza upya haraka. Nilimuuliza Bodil habari za binadamu, bila kukutaja. Akaniambia panya si mtu, hakuna panya aliyewahi kupeleka barua. Kwa watu, alisema, mara nyingi yanayopotea ni ya miezi ya karibuni, na ya zamani hushika zaidi. Lakini hakuna wa kukuwekea dhamana, akasema, hata yeye.

Basi nami sitakuahidi kitu tena. Nilipenda rangi kwa sababu nampenda mwanamume. Kila kizuri nilichokiona niliamini kimetoka mkononi mwake. Amua mwenyewe na daktari wako, lakini usisubiri sumaku kwa sababu ya maneno yangu.

Keshokutwa nakuja kwa basi, peke yangu. Mara hii nitakaa ngazini mpaka ufungue.

Signe


Mors, 3 Februari 1999

Signe,

Natumaini umefika salama na pua yako imerudi rangi yake. Ulikaa ngazini kama mbwa wa Mads. Nilifungua kwa sababu nilihofia utaniganda pale na nitamweleza nini mumeo.

Hatukuongea sana, nawe umeondoka ukidhani nimekukasirikia. Ndiyo, nimekukasirikia. Nimepoteza majira mazima nikingoja rangi. Lakini ulipokwisha kuondoka niliwawaza hao buluu. Wanazunguka ukutani, njia hawaijui, na bado wanaogelea. Mimi njia yote naijua, na kiatu nakishika mkononi asubuhi nzima nisiweze kukivaa.

Jumatatu naingia hospitali kwa ule umeme. Kjeld atanipeleka kwa gari lake, Mungu atusaidie. Naogopa, Signe. Naandika hivyo ili nisilazimike kusema kwa mdomo.

Usije huko mpaka nikuite. Sitaki unichungulie usoni kila siku kuona kama nakujua. Ukitaka kunisaidia, yashike haya: Mads, dirisha. Overgaard, mkubwa, mkononi. Lango la chini, nyanyua kwanza. Nikiyapoteza, nifundishe, kama mnavyowafundisha wao.

Shangazi


Århus, 14 Machi 1999

Shangazi mpendwa,

Hii ni kadi ya ngapi sijui. Sisi wazima. Troels anazungusha koili nyingine, nene zaidi, mezani petu, na ule mguu mfupi unamtikisikia.

Nesi akipokea simu huniambia, "Anaendelea vizuri, ameanza kula." Nikimuuliza kama unanitaja, anasema nimpe muda mgonjwa. Jibu gani hilo? Mwenzangu unanisoma? Ukiona jina langu nyuma ya bahasha unaona mtu, au unaona herufi?

Mads, dirisha. Overgaard, mkubwa, mkononi. Lango la chini, nyanyua kwanza. Nayasema kila nikiosha vizimba. Panya wa Århus nzima wanaweza sasa kupeleka barua Mors.

Niite.

Signe


Mors, 18 Aprili 1999

Signe mwanangu,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu. Niko nyumbani tangu baada ya Pasaka. Madirisha yameoshwa. Jana nimemrudishia Kjeld supu yake, nikamwambia imezidi chumvi, hata ng'ombe hanywi. Mzee akakaa chini akatoa leso. "Sasa umepona," anasema. "Baridi nzima hukulalamika hata mara moja!"

Juzi niliomba kutembea njia yangu pamoja na yule mwanamke wa Nykøbing. Anaitwa Jytte, ana haraka mno lakini atafunzika. Mads, dirisha. Overgaard, mkubwa. Lango, nyanyua. Ipo, Signe. Njia yote ipo, mpaka jina la mbwa wa zamani wa Mads, aliyekufa ukiwa bado shuleni. Nilisimama pale kwenye lango nikalishika kama mkono wa mtu.

Sasa nikueleze kisichokuwepo, maana ndicho kilichonichelewesha kukuandikia. Majira ya baridi hayapo. Vuli imebaki vipande vipande. Kjeld anasema nilikukasirikia. Barua zako zimenieleza kwa lipi, nami nikakasirika upya kidogo, kisha nikachemsha kahawa.

Na harusi yako haipo.

Picha ninayo sasa ukutani, Kjeld aliniletea baadaye. Ni mimi kweli, na koti langu zuri, na wewe kando yangu unang'ara. Natazama, nangoja muziki uje, hauji. Siku ya kwanza niliporudi nilivaa koti lile, nikatia mkono mfukoni nitafute ufunguo, nikatoa ncha ya soksi. Nyeusi, ya mwanamume, imekatwa kwa mkasi. Kila mtu huku anajua soksi ya namna hiyo inatoka wapi. Nilijua ni ya bwana harusi. Sikujua ni harusi ya nani. Niliificha kwenye kopo la kahawa, Kjeld asiione, wasinirudishe hospitali. Mpaka nilipofungua barua yako ya Septemba.

Nimeisoma mara nyingi. "Huu mguu sasa ni wa familia yangu," ati nilisema hivyo? Napenda niliyoyasema. Lakini mtoto nimemlea mwenyewe, na siku yake kubwa naisoma kama habari za watu. Hilo limeniuma kuliko sindano zao zote. Usinionee huruma. Nakula, nalala, asubuhi naitaka. Nilitaka tu ujue, na ujue kutoka kwangu.

Njoo sasa. Nakuita.

Shangazi yako Ragnhild


Århus, 21 Aprili 1999

Shangazi wangu,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za nyumba yetu, nimekaa palepale, majirani wakaniruka. Sisi wazima. Nimelia, Troels naye amelia, anasema ni vumbi la waya.

Tunakuja Jumamosi. Gauni la harusi nimelitoa kwenye kreti ya tufaha linamokaa, lina alama za mbao zake lakini nani atatazama. Kjeld aje na glasi na vijiko, na ile santuri yake ya waltz. Hatutakukumbusha chochote. Tutaisukuma meza ukutani na kucheza hapo jikoni kwako, wewe ukiwa umevaa koti lako, na utaiona harusi yangu kwa mara ya kwanza.

Troels anasema ncha ya kushoto ni yako moja kwa moja, haidai tena. Soksi ya kulia bado nzima, ataivaa.

Noa mkasi.

Signe